Zaka, Sadaka na Wakfu: Msamiati wa Kuwasaidia Maskini katika Mombasa ya Karne ya 19

Msamiati wa lugha huhifadhi historia ya wazungumzaji wake. Uingereza iliwapeleka maskini wake katika nyumba za kazi chini ya sheria ya mwaka 1834. Mitaa ya Mombasa ya wakati huo, kama vile Kuze na Kibokoni, haikuwa na nyumba za aina hiyo. Hata hivyo, misaada ilikuwa na utaratibu wake, nao umo katika maneno matatu: zaka, sadaka na wakfu.

Zaka ni faradhi yenye kiwango maalumu. Kwa fedha na mali ya biashara ni asilimia 2.5 kwa mwaka. Sadaka hutolewa kwa hiari. Wakfu, neno lenye asili ya Kiarabu na maana ya kusimamisha, ni nyumba, kisima au shamba ambalo halitauzwa wala kurithiwa, bali mapato yake hutumiwa kwa lengo lililotajwa na mtoaji: kuutunza msikiti, kumlipa mwalimu wa chuo au kuwalisha wahitaji.

Mhitaji naye ana majina yake. Aya ya 60 ya Suratu Tawba hutaja makundi manane ya wapokeaji wa zaka, wa kwanza wakiwa mafukara na maskini. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waswahili wengi, fukara ndiye mwenye dhiki zaidi. Kiswahili kimeihifadhi tofauti hiyo: kumwita mtu fukara ni kuzito kuliko kumwita maskini.

Aidha, wakfu uliweza kuwanufaisha jamaa za mtoaji kwanza, kisha maskini kizazi kikikatika. Kwa mtoaji, kumtunza jamaa mhitaji ni sadaka. Mahakama za Kiingereza ziliona vingine. Mwaka 1894, Baraza la Rufani jijini London, katika kesi kutoka India, liliamua kwamba wakfu ambao fungu la maskini liko mbali mno si halali. Uamuzi huo ulifuatwa hata Afrika Mashariki, mpaka sheria ya Kenya ya mwaka 1951 ilipoutambua wakfu wa jamaa.

Hata hivyo, msamiati huu usisomwe kwa sifa tupu. Mashamba mengi ya bara, ng'ambo ya kisiwa, yalilimwa na watumwa. Miongoni mwa makundi manane yaliyotajwa wamo pia watumwa wa kukombolewa. Lakini utumwa ulidumu kisheria Mombasa hadi mwaka 1907. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha Freretown, upande wa Kisauni, kuwapokea watumwa walioachwa huru.

Hivyo basi, mwanafunzi anayesoma hati ya wakfu au utenzi wa enzi hiyo hana budi kuuliza maswali mawili: nani anaitwa maskini, na nani aliyelilima shamba lililomlisha? Mara nyingi jibu la swali la pili halimo katika hati.