Max Ernst: Maisha na Kazi Zake

Maisha kwa ufupi
Max Ernst alizaliwa Brühl, Ujerumani, mwaka 1891. Mwaka 1909 alijiunga na Chuo Kikuu cha Bonn, akasoma falsafa, saikolojia na historia ya sanaa. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitumikia jeshi la Ujerumani. Mwaka 1922 alihamia Paris, akawa miongoni mwa wasanii wa mwanzo wa Usurealisti, mkondo uliotangazwa mwaka 1924 na kuipa ndoto nafasi kubwa katika sanaa. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Ufaransa ilimweka kizuizini kwa kuwa alikuwa Mjerumani. Mwaka 1941 alikimbilia Marekani. Alifariki Paris mwaka 1976.

Mbinu zake
(a) Kolaji: kukata picha zilizokwisha kuchapwa na kuzibandika pamoja ili zitoe picha mpya.
(b) Froteji: kuweka karatasi juu ya kitu chenye mparuzo na kuisugua kwa penseli. Mwaka 1925 alitumia mbao za sakafu. Katika alama zilizojitokeza aliona misitu, ndege na wanyama.

Maisha na kazi vinahusianaje?
Usiishie kuorodhesha tarehe. Jiulize: kwa nini alikata picha za watu wengine ilhali alijua kuchora? Ernst alirudi kutoka vitani akiwa haamini tena jamii iliyojisifu kwa akili na utaratibu, kisha ikauana kwa mamilioni. Kwa hiyo alichukua picha kutoka katalogi na vitabu vya sayansi, yaani vitu vya utaratibu hasa, akazipanga hadi zikapoteza maana yake ya kawaida. Katika kitabu chake cha kolaji cha mwaka 1934, watu wenye vichwa vya ndege wako ndani ya nyumba za kitajiri. Viungo vimefichwa kwa ustadi, hivyo jicho linakubali jambo ambalo akili inalikataa.

Swali la marudio
“Kolaji ni kukata na kubandika tu.” Jadili kauli hii kwa kurejelea kazi za Max Ernst.

Mwongozo: Eleza maana ya kolaji, taja picha zilikotoka, onyesha athari ya vita, kisha toa msimamo wako. Kila hoja iwe na mfano. Hoja isiyo na mfano ni dai tu.

Zoezi
Weka karatasi juu ya dawati lako, isugue kwa penseli, kisha andika sentensi tatu kuhusu unachokiona.