Penseli Inayokubali Kuzunguka: Mafunzo Niliyopata

Nilipokuwa kidato cha tatu tulifundishwa hisabati na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani. Akisubiri tumalize maswali, penseli yake ya kubonyeza ilizunguka kidole gumba na kurudi mkononi bila yeye kuitazama. Siku moja darasa zima tuliacha maswali tukabaki kuitazama. Alipoona tumeduwaa alitueleza kwamba kwao mzunguko ule umewahi kuitwa ronin mawashi. Ronin ni kijana aliyekosa nafasi ya chuo kikuu na anarudia kusoma mwaka mzima ili ajaribu tena. Mawashi ni kuzungusha. Vijana hao walijulikana kwa kuzungusha kalamu huku wamezama vitabuni.

Jioni hiyo nilianza kujaribu, na mpaka leo sijaacha. Nimepitia kalamu za kila aina, lakini penseli ya kubonyeza ndiyo niliyoizoea, maana nilisomea uchoraji wa majengo na ilikuwa mkononi mwangu kutwa. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu kuichagua.

1. Tafuta kitovu kabla ya kuuliza bei

Laza penseli juu ya kidole cha shahada, uisogeze mbele na nyuma mpaka itulie bila kuinamia upande wowote. Pale ilipotulia ndipo penye kitovu cha uzito. Penseli nyingi za kuchorea zina uzito zaidi upande wa ncha, na kwa mchoraji hiyo ni nafuu, kwa sababu mkono haulazimiki kuikandamiza karatasini. Kwa anayezungusha mambo ni mengine. Ukiishika katikati ya urefu wake wakati kitovu kiko mbele, upande mmoja unauvuta mwenzake, na penseli inachomoka kabla haijamaliza duara.

Nilitumia miezi mitatu nikidhani kasoro iko kwenye kidole changu cha kati, ambacho ndicho kinachoisukuma penseli kuanza safari. Siku niliyotia alama ya wino pale penye kitovu, nikaishika jirani na alama hiyo, nilizungusha mara nne mfululizo bila kuidondosha.

2. Penseli nzuri ni mzega

Hili lilinichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Anayebeba maji kwa mzega ana ndoo mbele na ndoo nyuma, na mti umekaa begani katikati. Ndoo zikilingana, anatembea umbali mrefu. Moja ikipungua maji, bega linajua papo hapo. Kidole gumba ndilo bega la penseli.

Na mzega unatufundisha jambo la pili: mzigo uko mwishoni. Fimbo yenye uzito kwenye ncha zake zote mbili huchelewa kuanza kuzunguka, lakini ikishaanza haiyumbishwi ovyo na kosa dogo la kidole. Yenye uzito katikati peke yake huzunguka kwa haraka mno, na anayejifunza hapati nafasi ya kuidaka. Ndiyo maana wazungushaji waliobobea, hasa wa Japani na Korea Kusini, hawaridhiki na kalamu za dukani. Huunganisha viungo vya kalamu mbalimbali, wakaweka vifuniko pande zote mbili, mpaka wapate kitu cha sentimita 20 hivi chenye ncha nzito zinazolingana. Mwaka 2007 kampuni ya vichezeo ya Takara Tomy ilitoa Pen'z Gear, kalamu iliyobuniwa kwa ajili ya mchezo huu.

Penseli ya kubonyeza ina sentimita 14 au 15, kwa hiyo haiwezi kufanana na hizo. Lakini inaweza kusogezwa karibu nazo. Mimi nilikata utepe mwembamba wa tyubu ya baiskeli, nikauviringisha nyuma, karibu na kitufe, mzunguko mmoja baada ya mwingine, nikipima kitovu kila mara mpaka kikarudi katikati. Ni kazi ya dakika kumi, na sijaona badiliko jingine lililonisaidia kiasi hicho.

3. Uzito wa jumla uendane na mkono

Pentel P205, penseli ya plastiki ambayo wachoraji wengi wanaifahamu, ina gramu 9 hivi. Rotring 600, yenye mwili wa metali na pande sita, inakaribia gramu 23. Nimezungusha zote mbili kwa miaka. Ile nyepesi inasamehe mkono unaojifunza, ila hupeperuka ukitumia nguvu kidogo tu kupita kiasi. Ile nzito inakwenda taratibu, kwa heshima, na unaihisi iko wapi hata ukifumba macho. Lakini baada ya nusu saa kiungo cha kidole gumba kinauma. Kwa anayeanza ningesema atafute yenye gramu kati ya 10 na 16.

4. Kitu kinachotembea ndani hakifai

Kuna penseli ambazo hazihitaji kubonyezwa: unaitikisa, kipande cha uzito ndani kinateleza na kusukuma risasi nje. Kwa kuandika ni raha tupu. Nilinunua moja kwa fedha nilizoweka akiba muhula mzima, na kila nilipoizungusha nilihisi kama kuna mtu anaibadilisha katikati ya hewa. Kumbe kile kipande kilikuwa kinakimbilia upande huu na ule, na kitovu kinahama nacho. Huwezi kukizoea kitu kisichokaa mahali pamoja. Itikise penseli sikioni kabla ya kulipa. Mlio mwembamba ni risasi za akiba, na hizo utazitoa. Mlio mzito wa kugonga, iache.

5. Klipu, mpira na jasho

Klipu ya mfukoni hukwaruza mgongo wa kidole gumba na kuizuia penseli isibingirike. Chagua penseli ambayo klipu yake inachomoka bila kuvunja kitu, kama ilivyo P205. Baada ya kuitoa pima kitovu upya, kwa kuwa klipu nayo ina uzito wake.

Kishikio kina mambo mawili yanayopingana. Kidole kinataka kisiteleze wakati wa kusukuma, lakini mgongo wa kidole gumba unataka kiteleze wakati penseli inapita juu yake. Mpira laini sana unang'ang'ania ngozi. Metali iliyochongwa kama tupa hushika vizuri ila huchubua. Na metali laini kabisa, kwa jasho la Dar es Salaam mwezi wa pili, ni samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Nimeishia kupenda plastiki kavu yenye mifereji midogo.

6. Itaanguka, tena mara elfu

Mdomo wa penseli za kuchorea ni kimrija cha chuma cha milimita 4 hivi, ili upite vizuri kwenye ukingo wa rula. Ukianguka kwenye sakafu ya saruji kwa kichwa, hupinda, na ukishapinda risasi haipiti tena. Niliharibu penseli mbili namna hiyo, moja ikiwa ya kuazima, na aliyeniazima alihitaji kuitumia kesho yake kwenye mtihani wa michoro. Nililipa, lakini mtihani wenyewe haukumsubiri. Tangu hapo sizungushi penseli ya mtu.

Tafuta ambayo mrija wake unarudi ndani. Toa risasi zote kabla ya mazoezi, kwa kuwa zinavunjikavunjika tumboni na kuziba. Ukitaka kuibakiza moja, basi ya milimita 0.7, inavumilia kuliko ya 0.5. Fanyia mazoezi juu ya godoro, au tandika kanga iliyokunjwa mara nne juu ya meza. Na usizungushe mtoto akiwa ameegemea bega lako. Ncha ile iko karibu na jicho.

7. Chagua na mwenye mkono

Mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo na mpwa wangu wa miaka kumi na moja. Nilikuwa nimeshaamua moyoni ni penseli ipi itamfaa, ile niliyoipenda mimi. Mwenye duka alitupangia tano juu ya kioo, na kijana akaanza kuzilaza moja moja juu ya kidole chake, kimya, ulimi nje. Ile yangu ilikuwa ndefu kwake. Ilipofika upande wa pili wa kidole gumba iligonga kifundo cha mkono. Aliishia kwenye fupi ya kijani ambayo mimi hata nisingeigusa.

"Mjomba, hii imetulia."

Nikailaza kwenye kidole changu, na kweli kitovu kilikuwa katikati kabisa. Klipu tuliitoa tukiwa bado kwenye daladala.