MADA YA 9: KIDHIBITI CHA PLC KATIKA MFUMO WA KUPASHA MAJI JOTO

Malengo
Baada ya kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza sehemu za PLC na mzunguko wake wa kazi;
(b) kubadili mkondo wa kihisi kuwa nyuzijoto;
(c) kueleza kwa nini hita hupewa vipimo viwili vya joto;
(d) kueleza hatari ya waya wa kihisi uliokatika.

9.1 PLC ni nini?
PLC ni kompyuta iliyotengenezwa kuendesha mitambo. Ina sehemu kuu tatu: viingizo, zinakoingia taarifa za swichi na vihisi, kichakato, kinachotekeleza programu, na vitoleo, zinakotoka amri kwenda kwenye pampu, taa au hita.

Zamani viwanda vilitumia rilei nyingi zilizounganishwa kwa waya, na kubadili utaratibu wa kazi kulihitaji kufunga waya upya. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani ilitafuta kifaa cha kuondoa usumbufu huo, na mwaka 1969 ikatokea Modicon 084, miongoni mwa PLC za kwanza. Leo ukitaka maji ya nyuzi 55 badala ya 60, unabadili namba tu kwenye programu.

Mzunguko wa PLC una hatua tatu: kusoma viingizo, kutekeleza programu kuanzia mstari wa juu hadi wa mwisho, kisha kubadili vitoleo. Mzunguko huu hurudiwa bila kukoma, na kwa kawaida huchukua milisekunde chache tu.

9.2 Mfano: tangi la maji ya bweni
Chukua tangi la lita 500 katika shule ya bweni iliyo sehemu ya baridi, kama Njombe. Hita ni ya kW 12. Maji yako kwenye 20°C na yanatakiwa yafike 60°C.

Nishati = uzito × joto mahususi × badiliko la joto
= 500 × 4.2 × 40 = kJ 84,000
Muda = 84,000 ÷ 12 = sekunde 7,000, yaani karibu saa 2.

Hesabu hii haikuingiza joto linalopotea. Sasa fikiria: kutoka 60°C hadi 100°C ni nyuzi 40 nyingine. Hita isipozimwa, baada ya karibu saa 2 zaidi maji yatachemka, na tangi lililofungwa lisilo na valvu ya usalama linaweza kupasuka. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi ni hili: nini kitazima hita?

9.3 Kusoma kihisi joto
Kihisi chetu hutoa mkondo wa mA 4 kwenye 0°C na mA 20 kwenye 100°C. Kanuni yake ni:

Joto = (mkondo − 4) × 100 ÷ 16

Kwa nini kianze na 4, kisianze na 0? Ili PLC itofautishe maji ya baridi na waya uliokatika. Waya ukikatika mkondo ni mA 0, na kanuni inatoa −25°C. Programu isiyo na kinga itaona maji ni ya baridi kupita kiasi, itawasha hita na haitaizima kamwe.

9.4 Programu
Mstari 1: Kama mkondo uko chini ya mA 3.6, washa HITILAFU.
Mstari 2: Kama joto liko chini ya 55°C, washa OMBI.
Mstari 3: Kama joto limefika 60°C au zaidi, zima OMBI.
Mstari 4: HITA iwake kama OMBI limewaka NA maji yapo NA hakuna HITILAFU.

Kati ya nyuzi 55 na 60 OMBI hubaki lilivyokuwa. Tungetumia kipimo kimoja cha 60°C, hita ingewaka na kuzima mara kwa mara, na kontakta yake ingechakaa haraka.

Swichi ya boya huonyesha kama maji yapo. Ifungwe ili ipitishe umeme maji yanapokuwepo. Waya wake ukikatika, PLC itasoma "hakuna maji" na kuzima hita.

KUMBUKA: Programu peke yake haitoshi. Kontakta ikiganda, PLC itatoa amri ya kuzima lakini hita itaendelea kuwaka. Ndiyo maana huwekwa termostati ya usalama inayokata umeme wa hita moja kwa moja, kwa njia yake yenyewe, bila kupitia PLC wala kontakta hiyo.

9.5 Swali la mfano
Tangi lina maji. PLC ilisoma mikondo hii kwa kufuatana: mA 12.0, 13.2, 13.6, 13.2 na 0. Taja joto na hali ya hita kila mara. (Alama 10)

Jibu
(i) 12.0: 50°C, inawaka.
(ii) 13.2: 57.5°C, inaendelea kuwaka.
(iii) 13.6: 60°C, inazimika.
(iv) 13.2: 57.5°C, inabaki imezimika.
(v) 0: kanuni inatoa −25°C, lakini hiki si kipimo cha kweli. HITILAFU inawaka, hita imezimika.

Linganisha (ii) na (iv). Kipimo ni kilekile, majibu ni tofauti, kwa sababu OMBI linakumbuka hali iliyotangulia. Mtahiniwa anayetazama namba bila kutazama kilichotangulia hupoteza alama hapa.

Makosa ya kuepuka
1. Kuandika −25°C katika (v) bila kutaja waya uliokatika.
2. Kusahau sharti la "maji yapo" katika mstari wa 4.
3. Kudai kwamba PLC inaondoa haja ya termostati ya usalama.

Maswali ya kujipima
1. Kihisi kinatoa mA 10.4. Joto ni nyuzi ngapi? (Jibu: 40°C)
2. Hita ya kW 6 itachukua muda gani kupasha tangi lilelile kutoka 20°C hadi 60°C? (Jibu: sekunde 14,000)
3. Mwenzako amefuta mstari wa 1 akisema "hauna kazi kila siku". Mweleze, kwa hatua tatu, kitakachotokea siku panya atakapotafuna waya wa kihisi.