Toni ya Gitaa Lako Isikuuzie Pikapu Mpya

Wadogo zangu wa kike, leo habari za wachumba na mawifi tuziweke kando kidogo, maana nyie mnaopiga gitaa la umeme, wa kwaya, wa bendi za harusi na wa vyuoni, mmenijazia meseji zenye kilio kimoja. Toni haifanyi kazi. Mmoja anazungusha na kuzungusha, hakibadiliki kitu hadi mwisho kabisa, halafu sauti inaporomoka ghafla. Mwingine, ya kwake imegeuka: akipandisha, sauti inafifia. Na yupo aliyeambiwa na fundi kwamba pikapu zake zote, zile zinazonasa sauti ya nyuzi, zimekufa, atafute hela anunue mpya.

Nianze na huyu wa mwisho. Mdogo wangu, usinunue kitu bado. Azima mita kwa fundi redio yeyote wa mtaani. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua volyumu yote, weka swichi kwenye pikapu moja, kisha pima omu kwenye ncha ya pili ya kebo: waya mmoja wa mita uguse ncha ya plagi, mwingine uguse mwili wake. Pikapu ya koili moja, kama zile za Stratocaster, mara nyingi inasoma kati ya kiloomu 5 na 8. Hambaka, yaani ile yenye koili mbili, utaiona kwenye 7 hadi 9 hivi, na zile za wapiga roki kali zinapanda zaidi ya hapo. Ukiona 250 au 500, basi koili imekatika kweli, kwa sababu mita inasoma volyumu peke yake. Ukiona sifuri na volyumu iko wazi, kuna waya umegusana mahali na grandi, yaani upande ule wa mwili wa plagi. Zisome hizo namba kwa sauti mbele ya fundi wako, uone kama atarudia habari ya pikapu mpya.

Sasa toni yenyewe. Kitu cha kwanza kukubali ni kwamba haiongezi chochote. Gitaa la kawaida halina betri ndani, nguvu ya kuongezea trebo itoke wapi? Inachojua ni kupunguza. Sauti ikiwa njiani kutoka kwenye pikapu kwenda kwenye jeki, toni imekaa ubavuni kama mlango wa uani. Mlango wenyewe ni kapasita: trebo inapita hapo na kupotelea kwenye grandi, besi haipiti. Poti, yaani kizungushio chenyewe, ndiye bawabu. Ikiwa kwenye 10, upinzani wote umesimama mlangoni na trebo inayotoroka ni kidogo sana. Ikiwa kwenye sifuri, bawabu kaondoka, trebo inatoka yote.

Ukilielewa hilo, nusu ya meseji zenu zimejibika. Gitaa lililofifia huku toni iko kwenye 10 halitaponywa na toni. Huenda lina poti isiyolifaa, kwa sababu hata kwenye 10 bawabu wa kiloomu 250 anapitisha trebo nyingi kuliko wa 500. Pikapu za koili moja zina ukali mwingi, ndiyo maana zinapewa 250. Hambaka ni nzito kwa asili, inapewa 500. Mtu akikuwekea 250 kwenye gitaa la hambaka kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo dukani, utasikia kama umefunikwa blanketi na utamlaumu kila mtu isipokuwa yeye.

Na yule anayesema hakibadiliki kitu hadi mwisho, geuza poti usome maandishi. Nyingi zimeandikwa herufi na namba: A250K, B500K. B inapanda kwa hatua sawasawa, na kwenye toni hilo ni tatizo, kwani kazi yote inajazana kule chini karibu na sifuri. A imetengenezwa kufuata sikio, ikikupa mabadiliko ya polepole. Kwa toni, dai A.

Kuna kundi lingine nalipenda sana: wenye Stratocaster, au nakala zake, ambao toni zao hazifanyi kazi wakiwa kwenye pikapu ya nyuma tu, ile ya karibu na daraja la nyuzi. Gitaa lenu ni zima! Leo Fender alipolitoa mwaka 1954 aliweka toni mbili, moja ya pikapu ya shingoni, nyingine ya katikati, na ya nyuma akaiacha bila toni. Mafundi wengi wanaendelea kufuata mchoro huo hadi leo. Ukitaka toni ya chini ihudumie na pikapu ya nyuma, unahitaji kipande kifupi cha waya kwenye swichi, kuunganisha mguu wa toni hiyo na mguu wa toni wa pikapu ya nyuma ambao uko wazi. Ni kazi ya dakika chache. Ukitozwa hela ya gitaa zima, ondoka.

Tuje kwenye kapasita, kwa sababu hapa ndipo pesa zenu zinapoliwa. Thamani zilizozoeleka ni mikrofaradi 0.022 kwa hambaka na 0.047 kwa koili moja. Kwenye mwili wake huandikwa 223 na 473. Stratocaster za mwanzo zilitumia 0.1, imeandikwa 104, na ukishusha toni zinakuwa nzito kweli. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo sauti inavyochimbwa chini zaidi. Ila msidhani toni kwenye sifuri ni uchafu tu. Kapasita ya 0.022 ikikutana na hambaka bila bawabu, inatengeneza kilele kipya cha sauti karibu na hezi 500, sauti nene yenye kulalamika kwa puani. Eric Clapton, enzi za kundi la Cream mwaka 1967, alijipatia jina kwa sauti hiyo.

Lakini wewe mpiga solo wa sebene, unayetaka kila noti ing'ae juu ya rizimu na besi, utashusha toni hadi sifuri lini? Kwako wewe nashauri ndogo, 103, yaani 0.01. Inapunguza makali bila kukuzamisha, na kizungushio chote kinakuwa na faida badala ya ile robo ya mwisho tu. Mpiga rizimu akae na 223. Hayo ni maoni yangu, na mtu wa jazi atabishana nami, abishane tu.

Sasa watakuambia kuna kapasita za karatasi na mafuta, za zamani, bei ya viatu vipya. Mdogo wangu, umeme unaotoka kwenye pikapu kwa kawaida haufiki hata volti moja. Kapasita ya volti 50 imetosha na kubaki. Za plastiki au za kauri zinazouzwa kwa bei ya chipsi pale Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi, zitafanya kazi ileile kama thamani yake inalingana. Hata redio iliyokufa ndani kwenu inaweza kuwa nayo, ile bapa ya kijani iliyoandikwa 223 au 473. Usichukue zile za kopo zenye alama ya hasi ubavuni, hizo ni za kazi nyingine. Na ukifika dukani ukaulizwa “unamnunulia kaka yako?”, taja namba unayotaka na nyamaza.

Kufunga sasa. Kabla hujagusa waya wowote, piga picha ya ndani kwa simu, kutoka pande zote. Halafu shika poti ikutazame kwa mgongo, mhimili ukielekea mbali nawe, miguu mitatu ikitazama chini. Kwa gitaa la mkono wa kulia, volyumu iko hivi: mguu wa kushoto unapokea sauti kutoka kwenye pikapu, wa katikati unaipeleka kwenye jeki, wa kulia umelehemiwa kwenye mgongo wa poti, yaani grandi. Toni inatumia miguu miwili tu, wa katikati na wa kulia. Waya utoke kwenye mguu wa kushoto wa volyumu uje kwenye mguu wa katikati wa toni. Kapasita itoke kwenye mguu wa kulia wa toni iende kwenye mgongo wake. Migongo ya poti zote mbili iunganishwe kwa waya. Basi, kwa upande wa toni hakuna kingine. Mguu wa kushoto wa toni unabaki mtupu, na ndio jibu la yule ambaye toni yake imegeuka: fundi alitumia mguu wa kushoto badala ya wa kulia.

Nimesema waya wa toni utoke mguu wa kushoto wa volyumu. Ukiutoa mguu wa katikati badala yake, unapata mtindo wa magitaa ya Gibson ya miaka ya 1950. Tofauti inasikika ukishusha volyumu: kwa mtindo wa kwanza trebo inafifia pamoja na sauti, kwa huu wa pili inabaki zaidi. Wapigaji wanaoshusha volyumu mwimbaji anapoingia na kuipandisha wakati wa solo wanaupenda sana. Gharama yake ni kwamba toni na volyumu zinaanza kuingiliana, ukigusa moja nyingine inasogea kidogo. Jaribuni wenyewe, ni kuhamisha waya mmoja kwa mguu mmoja.

Kulehemu kunawatisha wengi, na najua mnaambiwa si kazi ya msichana. Pale Fullerton, California, kwenye kiwanda cha Fender, wanawake ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Abigail Ybarra aliingia pale mwaka 1956, akasuka koili za pikapu kwa miongo mingi, akastaafu 2013, na leo watu wanalipa pesa nyingi kwa pikapu alizozitengeneza kwa mikono yake. Kwa hiyo anayekuambia hivyo, huenda gitaa analoliota limetengenezwa na mwanamke.

Kuna mambo machache tu ya kushika. Tumia lehemu ya umeme yenye dawa ndani, siyo ya mafundi bomba yenye asidi. Mgongo wa poti unameza joto, kwa hiyo chuma kidogo cha wati 15 kitakutesa. Tafuta cha 40 hivi. Kwaruza mgongo kwa msasa mpaka ung'ae, upashe moto, uweke lehemu kidogo kwanza, kisha ndipo ulete waya uliokwisha kupakwa lehemu yake. Sekunde chache, toa chuma, usitikise. Lehemu nzuri inang'aa na kulala. Iliyojikunja kama tone haijashika, rudia. Ukibanika poti muda mrefu utaiunguza ndani, na utakuwa umenunua tatizo jipya. Fungua dirisha, funga nywele, vua dera. Lehemu nyingi zina risasi, kwa hiyo hakuna kula wakati wa kazi, na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla hujamshika mtoto.

Kabla hujafunga skrubu, chomeka kwenye amplifaya, sauti ndogo, gonga pikapu taratibu kwa bisibisi. Ukisikia mlio, zungusha toni ukigonga. Mlio unatakiwa kupoteza ukali wake polepole. Muungurumo unaopungua ukigusa nyuzi si ugonjwa, maana yake nyuzi zimeunganishwa na grandi kama inavyotakiwa. Ukiongezeka ukigusa, huenda jeki imefungwa kinyume; usipobadilika kabisa, huenda waya unaounganisha daraja na grandi umeachia.

Na hapo kwenye nyuzi kuna jambo ambalo sitaki mlipite haraka. Ndani ya gitaa hakuna umeme wa kukuumiza. Lakini kwa kuwa nyuzi zimeunganishwa na grandi, zimeunganishwa pia na chasisi ya amplifaya, na amplifaya imeunganishwa na ukutani. Wote tumeona plagi ya miguu miwili ikichomekwa kwenye soketi ya matundu matatu kwa kusukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu. Tundu hilo ni la ethi. Amplifaya iliyotengenezwa kutumia ethi, halafu ikanyimwa, ikipata hitilafu ndani inaweza kupeleka umeme wa ukutani hadi kwenye nyuzi ulizoshika. Ukisogeza mdomo kwenye maikrofoni ya chuma iliyo kwenye ethi nzuri, mwili wako ndio unaofunga njia. Wanamuziki wamekufa jukwaani kwa namna hiyo.

Kwa hiyo ukimaliza toni yako, kabla ya ibada ya Jumapili au harusi ya Jumamosi, kaangalie plagi ya amplifaya ya bendi yenu. Ikiwa mguu wa ethi umekatwa, mwambie kiongozi wa bendi airudishe plagi ya miguu mitatu na fundi umeme apime soketi. Akikuona msumbufu, usipige siku hiyo.