Anakuelewa, Lakini Anaweza Kukusimulia?

Kwa wazazi na walezi wa watoto viziwi, Mchikichini

Ukimuuliza mzazi kuhusu mawasiliano ya mtoto wake kiziwi, mmoja atakujibu, "Tunaelewana vizuri, hana shida." Mwingine atasema, "Huyu hasemi, basi." Wote wanampenda mtoto, na wote wameona upande mmoja tu.

Chukua mfano wa mama mwenye meza ya mitumba pale soko la Karume. Akionyesha belo, mwanawe analeta kisu cha kulifungulia. Akigusa tumbo, mtoto anajua chakula kimefika. Bei anaitaja kwa vidole na mteja analipa. Hizi ni ishara za nyumbani, familia imezibuni yenyewe, nasi tunaziheshimu. Ila zinafaa kwa sababu belo liko mbele ya macho na mama anajua tangu mwanzo kinachotakiwa. Sasa mtoto huyo arudi kutoka dukani analia. Nani kamgusa? Wapi? Alimpa nini? Mama anabaki kubahatisha. Mtoto asiyeweza kumtaja aliyemdhuru yuko hatarini, tena katika mitaa yenye pilikapilika kama yetu.

Basi usimpime kwa kumtuma maji. Mpime kwa habari ya tukio ambalo wewe hukuwepo: mwache akueleze kilichotokea jana shuleni, nani alianza, kwa nini. Akikwama, usimwone mzito wa akili. Hajapewa lugha ya kutosha.

Mzazi wa pili, yule aliyesema "hasemi", anapima kwa mdomo. Haishangazi: hata shule zetu za viziwi za mwanzo, ikiwamo ya Tabora iliyoanza mwaka 1963, zilitilia mkazo matamshi na kusoma midomo. Jaribu mwenyewe mbele ya kioo, bila sauti: baba, mama, papa. Midomo inafanana! Mtoto mwenye masalia ya usikivu anaweza kunufaika na matamshi na kifaa cha kusikia, na apimwe mapema. Lakini asisubirishwe lugha mpaka atamke. Na neno "bubu" tuliache. Yeye ni kiziwi, na ana mengi ya kusema.

Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili, yenye sarufi yake. Uso na mwili navyo vinabeba maana. Shule ya viziwi ya Buguruni, iliyoanza mwaka 1974, haiko mbali nasi. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ni mahali pa kuulizia mafunzo. Kinachotuuma ni mtoto anayejifunza alama mchana kutwa, kisha anarudi kwenye nyumba ambamo hakuna anayezijua, anakaa kimya mpaka asubuhi.

Leo wakati wa kula, baba, mama, bibi na ndugu zake mgeukieni. Gusa sahani, mwombe alama yake. Kisha chumvi, maji, shangazi. Akikurekebisha mkono, kubali kurekebishwa. Kesho muulize tena, halafu umuulize siku yake ilikuwaje, nawe usimkatize.