Tusikifyeke Kivumbasi

Mvua zikikoma mwezi wa Aprili au Mei, watu wengi wa Tabora, Singida na Dodoma hushika panga na jembe wakasafisha nyua na mipaka ya mashamba. Kila jani lisiloliwa huitwa gugu. Hapo ndipo kivumbasi, ambacho wazee wetu hukiweka chumbani kufukuza mbu, hung'olewa siku moja pamoja na magugu. Twataka leo kukitetea.

Nyuki naye ana msimu wa njaa. Mavuno yakiisha maua hupungua, na miti mingi ya miombo bado miezi kadhaa kuchanua. Nyuki wetu wa Afrika si mvumilivu: akikosa chakula huhama, kundi zima, mwenye mzinga akabaki na masega matupu. Wako wanaodai kuwa mizinga yao imerogwa. Pengine waliiroga wenyewe kwa panga.

Hasara haiishii kwenye asali. Mahindi hupelekewa chavua na upepo, lakini mboga wa maboga una maua ya kiume mbali na ya kike. Nyuki wasipopita, kitoto cha boga hunyauka na kuanguka. Basi kundi lililosalia jirani mpaka mvua zijazo ni sehemu ya chakula cha watoto.

Kivumbasi ni ndugu wa rehani, tena ni mwenyeji wa nchi hizi. Maua yake ni madogo, meupe-meupe, yamejipanga ngazi kwa ngazi katika suke. Kikiisha kushika mizizi huvumilia ukavu, huweza kuchanua hata baada ya mvua, nacho hudumu miaka kadhaa.

Kukipanda si kazi. Mbegu ni ndogo mno, kwa hiyo zisifukiwe. Wengi hukosea hapo. Mvua zinapoanza, zinyunyizwe juu ya udongo laini, zikandamizwe kwa kiganja. Asiye na mbegu achomeke kitawi penye unyevu na kivuli mpaka kichipue. Mahali pake pa kudumu pawe na jua, mpakani mwa shamba au karibu na mizinga, wala si katikati ya mchicha, maana hufikia kimo cha mtu.

Masuke yakigeuka rangi ya kahawia, yasuguliwe kiganjani. Mbegu zitakazoanguka zifungwe katika karatasi kavu, agawiwe na jirani, zingojee mvua za kwanza.