Pigo la Kichwani

Watoto wa Mwera, kama watoto wote wa pwani, hupenda kucheza chini ya miembe na minazi. Michezo ni mizuri, nayo huutia mwili nguvu. Lakini kichwa chahitaji ulinzi kuliko viungo vingine.

Tazameni nazi. Kifuu chake ni kigumu, na ndani mna nyama laini na maji. Kichwa nacho ni vivyo hivyo: fuvu ni gumu, bali ubongo uliomo ndani ni laini sana. Kichwa kikipigwa kwa nguvu, pengine mshipa wa damu hupasuka ndani. Damu hiyo haionekani. Hukusanyika kidogo kidogo, ikaukandamiza ubongo.

Tuseme mtoto amepanda mwembe, tawi likakatika, akaanguka kwa kisogo. Akazimia kitambo kidogo, kisha akainuka, akajipangusa mavumbi, akacheza tena. Wenzake wakapatana wasimwambie mwalimu, kwa kuogopa fimbo. Jioni kichwa kikamwuma, akatapika. Mama yake akadhani ni homa, akamlaza. Usiku ule akaitwa, asiitike, akatikiswa, asiamke. Mama hakuwa na kosa, maana hakuambiwa neno. Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kilio humfichua."

Basi, yashikeni haya:

1. Mwenzenu akipigwa kichwani, aache kucheza siku ile, na mtu mzima aambiwe mara moja.

2. Akizimia, akitapika tena na tena, akisinzia kupita desturi, akisema ovyo, akishikwa na degedege, au maji yakimtoka puani au masikioni, apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kukawia. Kutoka Mwera, hospitali ya wilaya iko Pangani, ng'ambo ya mto. Mwenye kuchelewa nyumbani atachelewa na kufika.

3. Jeraha la uso likitoka damu, likandamizwe kwa kitambaa safi. Msitie majivu wala mafuta ya taa.

4. Jino la ukubwani liking'oka, lishikeni upande wa kutafunia, msiguse mzizi. Litieni katika maziwa, mkalipeleke upesi pamoja na mwenyewe kwa mganga wa meno.

Nasi walimu na wazazi yatupasa tusimpige mtoto aletaye habari ya kweli, kwa maana fimbo ya leo ndiyo imfundishayo kuficha kesho.

MASWALI

1. Kwa nini mtoto aliyeanguka aweza kucheza tena, kumbe yu hatarini?
2. Tajeni dalili nne za hatari.
3. Wenzake wa mtoto yule wangalifanya nini?